Upau wa kusogeza katika Tkinter: kishikio hakibadiliki, na fomu ndefu haisogei kabisa

Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Habari zenu, ndugu wataalamu. Ninaandika programu kwa Python na Tkinter, maktaba yake ya kujengea madirisha, kwa ajili ya kikundi cha wafanyabiashara wanaopokea dagaa na migebuka katika mwalo wa Kibirizi. Kazi yake ni kuandikisha kila mzigo unaoingia: tarehe, jina la mchuuzi, idadi ya magunia, uzito kwa kilo, bei, na namba ya stakabadhi. Upande wa kushoto wa dirisha nimeweka jedwali la Treeview linaloonyesha mizigo iliyokwisha kuandikwa, na upande wa kulia nimeweka fomu ya kuingizia mzigo mpya. Fomu hiyo ni ndefu, kwa sababu kikundi kinataka kujua pia mtumbwi ulikotoka, aina ya samaki, hali ya ukaukaji na anakopelekewa mnunuzi.

Jedwali lina upau wa kusogeza, na nikibofya mishale yake, safu zinapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Hata hivyo, kishikio (kipande kinachovutwa) kimejaza mfereji (njia kinamopita) wote kuanzia juu hadi chini na hakibadiliki kamwe, hata nikishuka kwa vitufe vya kibodi hadi safu ya mwisho, hivyo karani hawezi kujua yuko sehemu gani ya orodha. Kuhusu fomu, hali ni mbaya zaidi. Kompyuta ya ofisini ina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, kitufe cha kuhifadhi kiko chini ya ukingo wa skrini, na nilipojaribu kuifungia Frame, yaani fremu inayobeba fomu, upau wa kusogeza nilijibiwa kwamba kitu cha aina ya Frame hakina sifa inayoitwa yview.

Kuna jambo la tatu. Siku za giza, wavuvi wanapotoka kwa wingi na taa zao, kumbukumbu huingia kwa kasi kubwa kuliko siku za mbalamwezi, na jedwali limeanza kuchukua muda mrefu kufunguka. Ninaomba mnieleze jinsi upau huu unavyofanya kazi kwa ndani, wala si kunipa mistari ya kunakili tu, kwa sababu programu hii nitaitunza mwenyewe.

---

Fundi Tabora

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza jambo la msingi, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa wengi hulipita juu juu na kubaki wakibahatisha.

Katika Tk, mfumo ulio chini ya Tkinter, upau wa kusogeza haujui chochote kuhusu jedwali lako. Haujui lina safu ngapi, wala haujui ni safu zipi zinazoonekana. Jedwali nalo halijui kama kuna upau pembeni yake. Ni wijeti (vipande vya dirisha) mbili zilizo huru, na wewe ndiwe unayezikutanisha kwa nyuzi mbili zinazokwenda pande tofauti. Uzi wa kwanza unatoka kwenye upau kwenda kwenye jedwali: mtumiaji anapobofya mshale au kuvuta kishikio, upau unaita fanksheni iliyowekwa kwenye command. Uzi wa pili unatoka kwenye jedwali kurudi kwenye upau: kila mara sehemu inayoonekana inapobadilika, kwa sababu yoyote ile, jedwali linaita fanksheni iliyowekwa kwenye yscrollcommand. Dalili unazozieleza ni za mtu aliyefunga uzi wa kwanza na kuacha wa pili. Ndiyo maana mishale inasogeza safu, lakini upau haupati habari yoyote ya kurudi. Mistari miwili inayohitajika ni hii:

upau.configure(command=jedwali.yview)
jedwali.configure(yscrollcommand=upau.set)

Angalia kwamba hakuna mabano baada ya yview wala baada ya set. Ukiyaweka, Python itaita fanksheni papo hapo wakati dirisha linajengwa, kisha itakabidhi jibu la mwito huo badala ya kukabidhi fanksheni yenyewe.

Sasa tazama kinachopita katika nyuzi hizo. Jedwali linapozungumza na upau, hutuma namba mbili zilizo kati ya 0 na 1: mwanzo na mwisho wa sehemu inayoonekana, zikiwa sehemu ya urefu wote. Tuseme una mizigo 400 na dirisha linaonyesha 20 kwa wakati mmoja, na safu 100 za mwanzo zimekwisha kupita juu. Jedwali litatuma 0.25 na 0.30. Upau utachora kishikio kuanzia robo ya mfereji, na urefu wake utakuwa tofauti ya namba hizo mbili, yaani 0.05 ya mfereji. Kwa hiyo, urefu wa kishikio ni taarifa kwa msomaji: kikiwa kifupi, orodha ni ndefu, kikijaza mfereji wote, kila kitu kinaonekana. Kishikio chako kimejaa kwa sababu upau haujawahi kuambiwa lolote, nao unaanza kwa kudhani kwamba hakuna kilichofichika.

Upau nao unapozungumza na jedwali hutuma mojawapo ya amri mbili. Kishikio kikivutwa, hutuma neno moveto pamoja na namba moja, na namba hiyo ikiwa 0.5 katika mfano wetu, safu 200 zitapita juu. Mshale ukibofywa, au mfereji ukibofywa juu au chini ya kishikio, hutuma neno scroll, idadi, na kipimo ambacho ni units kwa hatua ndogo au pages kwa kurasa. Ninakusihi ulishike jambo moja hapa: mtumiaji anapovuta kishikio, kishikio hakijisogezi chenyewe. Upau unaomba, jedwali linasogea, jedwali linatoa taarifa, na hapo ndipo kishikio kinachorwa mahali papya. Mpango huu umekuwa katika Tk tangu John Ousterhout alipoitengeneza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nami ninauona kuwa mpango bora sana, kwa sababu upau hauwezi kuonyesha mahali ambapo jedwali halipo.

Kuhusu fomu, jibu ulilopewa ni la kweli: Frame haisogezwi. Wijeti zinazojua kusogea kwenda juu na chini ni Treeview, Listbox, Text na Canvas. Njia ya kawaida ni kuweka Canvas (kanvasi, eneo la kuchorea), kuunda fremu ya fomu ndani yake, kisha kuiingiza kwa create_window. Usiipange fremu hiyo kwa pack wala grid, njia za kawaida za kupanga wijeti, kwa kuwa ukifanya hivyo itabandikwa juu ya kanvasi na haitasogea pamoja nayo:

kanvasi.create_window(0, 0, window=fomu, anchor="nw")
fomu.bind("<Configure>", rekebisha)

Usiiache anchor. Bila hiyo, kitovu cha fomu ndicho kitakachowekwa kwenye nukta 0, 0, na sehemu ya juu ya fomu itakuwa nje ya dirisha. Ndani ya fanksheni ya rekebisha, chukua mipaka ya vitu vyote kwa kanvasi.bbox("all") na uikabidhi kanvasi kama scrollregion, yaani eneo linaloweza kusogezwa. Fanksheni hiyo lazima ifungwe kwenye tukio la Configure kwa sababu wakati unapojenga dirisha, fomu bado haijapewa ukubwa wake halisi. Ukipima mapema utapata kipande kidogo tu, na upau utakwambia kwamba hakuna cha kusogeza.

Neno la mwisho ni kuhusu mpangilio. Ukitumia pack, panga upau kwanza na jedwali baadaye. Nafasi hugawiwa kwa mfuatano, na dirisha likipunguzwa, anayenyimwa ni aliyepangwa mwisho. Katika skrini kama hiyo yenu, upau uliopangwa mwisho ndio unaotoweka.

---

Binti Kasulu

Shikamoo, Fundi. Maelezo yako yamekamilika upande wa upau wenyewe, nami ningependa kuongeza kuhusu gurudumu la kipanya, kwa maana ndugu yetu ataligundua tatizo hilo mara tu atakapomaliza kuijenga kanvasi yake. Treeview, Listbox na Text zina uwezo wa kupokea gurudumu tangu zinapoundwa. Canvas haina. Karani atazungusha gurudumu juu ya jedwali, litasogea; atalizungusha juu ya fomu, halitasogea, na atadhani programu imekwama.

Kwenye Windows, tukio linaitwa MouseWheel, na thamani yake ya delta huja kwa mafungu ya 120, hivyo unaigawa kwa 120 na kubadili alama yake kabla ya kuita yview_scroll. Kwenye macOS, kwa Tk 8.6, thamani hiyo ni ndogo na haigawiwi. Kwenye Linux, kwa Tk 8.6 ambayo bado imo katika kompyuta nyingi, gurudumu huja kama vitufe viwili vya kipanya, Button-4 kwa kupanda na Button-5 kwa kushuka, kwa hiyo unapaswa kuvifunga vyote viwili.

Swali linalofuata ni kuvifunga wapi. Tukio huenda kwa wijeti iliyo chini ya kielekezi, na juu ya fomu wijeti hiyo huwa ni kisanduku cha kuandikia au lebo, mara chache kanvasi yenyewe. Wengi hutumia bind_all, inayofunga tukio kwa programu nzima, na hapo fomu inasogea hata mtu anapozungusha gurudumu juu ya jedwali. Funga kwa bind_all pale kielekezi kinapoingia katika eneo la fomu, yaani kwenye tukio la Enter, kisha ufungue kwenye tukio la Leave. Usihofu kwamba kuingia katika visanduku vya ndani kutahesabiwa kuwa ni kutoka. Tk hupuuza Enter na Leave zinazotokana na kielekezi kupita kati ya wijeti na watoto wake.

Sasa ninakuja kwenye jambo ninalolihofia zaidi katika programu yako. Fomu yako bila shaka ina Combobox ya kuchagulia jina la mchuuzi na nyingine ya aina ya samaki. Combobox ya ttk (seti mpya zaidi ya wijeti za Tk, ambamo Treeview pia imo) hupokea gurudumu, na kila mzunguko hubadilisha kilichochaguliwa. Karani anajaza jina la mchuuzi, anazungusha gurudumu ili akifikie kitufe cha kuhifadhi kilicho chini, kielekezi kinapita juu ya kisanduku hicho, jina linahama kwa mchuuzi anayefuata katika orodha, na mzigo unahifadhiwa kwa jina la mtu mwingine. Hakuna ujumbe wa kosa, wala hakuna rangi nyekundu. Magunia ya mama mmoja yanaandikwa kwenye hesabu ya mwenzake, na ugomvi utakuja siku ya malipo.

Kinga yake ni kufunga fanksheni ya gurudumu kwenye kila Combobox moja moja, fanksheni hiyo isogeze kanvasi na kisha irudishe neno "break". Ukirudisha neno hilo bila kusogeza kanvasi, umezuia kubadilika kwa jina lakini pia umeizuia fomu kusogea, kwa sababu mfuatano wa Tk huanza na wijeti yenyewe, ukafuata aina ya wijeti, kisha dirisha, na bind_all ni ya mwisho kabisa. Kama una Spinbox ya ttk (kisanduku cha namba chenye mishale) kwa idadi ya magunia, ifanyie vilevile bila kuchelewa.

---

Mzee wa Kumbukumbu

Nimewasoma wote wawili na ninakubaliana nanyi. Ninataka kuzungumzia lile la tatu ambalo halijaguswa, yaani jedwali linalochelewa kufunguka.

Upau wa kusogeza humfanya mwandishi wa programu aamini kwamba lazima kila safu iwepo ndani ya jedwali ili iweze kufikiwa. Si lazima. Kwa kuwa upau unajua namba mbili tu, unaweza kuupa namba hizo wewe mwenyewe. Acha kumbukumbu zako zikae katika hifadhidata ya SQLite, jaza jedwali kwa safu zile 20 au 30 zinazoonekana, kisha hesabu: mwanzo ni nafasi ya safu ya kwanza inayoonekana gawanya kwa idadi ya kumbukumbu zote, na mwisho ni nafasi hiyo ukijumlisha safu zinazoonekana, gawanya kwa idadi ileile. Uite upau.set kwa namba hizo. Kwenye command, badala ya jedwali.yview, weka fanksheni yako inayopokea moveto au scroll kama Fundi alivyoeleza, itafute safu husika kwa LIMIT (idadi ya safu) na OFFSET (safu za kuruka), na ijaze jedwali upya. Karani ataona upau unaofanana kabisa na wa kawaida, ilhali ndani ya jedwali mna safu chache tu. Kumbuka tu kwamba gurudumu na vitufe vya kibodi juu ya jedwali havipiti kwenye command, hivyo navyo utavielekeza kwenye fanksheni hiyohiyo. Faharasa kwenye safuwima ya tarehe itakusaidia, kwa kuwa utapanga kwa tarehe kila wakati.

Hata hivyo, kabla hujaijenga njia hiyo, jiulize karani anatafuta nini. Kwa uzoefu wangu wa kumbukumbu za mauzo, mtu hatembei katika maelfu ya safu akivuta kishikio. Anataka mizigo ya leo, au mizigo ya mchuuzi fulani. Kisanduku cha kutafutia jina na kichujio cha tarehe vitapunguza orodha hadi safu chache ambazo Treeview inazimudu bila taabu. Mimi ningeanza na hivyo viwili.

Kuna suala la safu mpya. Mzigo unapoingizwa, programu nyingi hulivuta jedwali hadi chini ili safu hiyo ionekane, na hilo ni jema iwapo karani alikuwa chini tayari. Kama alikuwa amepanda juu akimsomea mchuuzi kumbukumbu ya wiki iliyopita, utakuwa umemnyang'anya ukurasa mkononi. Kabla ya kuingiza safu, soma upau.get; ikiwa namba ya pili ni 1.0, mtumiaji yuko mwisho wa orodha, na baada ya kuingiza unaweza kuita yview_moveto kwa 1. Vinginevyo, mwache alipo.

Usishawishike pia kuuficha upau kila unapokuwa hauhitajiki. Ukiuficha, eneo linapanuka. Likipanuka, kiasi cha maandishi yanayoonekana kinabadilika, na panaweza kutokea ukubwa mmoja ambapo bila upau maandishi hayatoshi na pamoja na upau yanatosha, na dirisha likabaki linapepesa bila kukoma. Upau wa ttk hujizima wenyewe pale namba zinapokuwa 0 na 1, na hiyo inatosha kumwambia mtumiaji kwamba ameona vyote.

---

Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Ninawashukuru sana, Fundi, dada yangu wa Kasulu, na Mzee. Mstari wa yscrollcommand umerekebisha kishikio, na fomu sasa inasogea ndani ya kanvasi. Nimeijaribu Combobox kama dada alivyoonya, na kweli jina lilihama kutoka kwa mchuuzi mmoja hadi kwa mwingine mbele ya macho yangu nikiwa ninashuka kwenda kwenye kitufe cha kuhifadhi. Nimeifungia fanksheni yake, na sasa jina linabaki palepale huku fomu ikisogea. Kuhusu wingi wa kumbukumbu, nitaanza na kichujio cha tarehe kitakachoonyesha mizigo ya siku husika, kisha nitapima kabla ya kuingia katika kuhesabu namba za upau mwenyewe.

Limebaki moja. Jedwali lina safuwima nyingi kuliko upana wake, nami nimeweka upau wa kulala chini yake, nikafunga xview na xscrollcommand pande zote mbili. Upau huo umezimika, na safuwima zimebanwa kiasi kwamba namba ya stakabadhi haisomeki. Je, kuna uzi wa tatu nisioujua?

---

Fundi Tabora

Hakuna uzi wa tatu. Nyuzi zako ni sahihi. Tatizo ni kwamba safuwima za Treeview hukubali kunyumbulika zisipoambiwa vinginevyo. Nafasi inapopungua, zinajibana hadi upana wa chini kabisa ambao kwa kawaida ni pikseli 20, na kwa kuwa zote zimeenea ndani ya nafasi iliyopo, jedwali linatuma kwa upau 0 na 1, nao unajizima kwa haki. Kwa kila safuwima, kwenye jedwali.column, weka stretch iwe 0 na utaje width unayoitaka. Ninapendekeza stakabadhi ipewe nafasi ya kutosha namba ndefu kuliko zote mlizonazo. Ukipenda safuwima moja ijaze nafasi inayobaki kwenye skrini pana, iache hiyo moja inyumbulike, lakini uipe minwidth inayosomeka, na jina la mchuuzi ndilo linalofaa zaidi kwa kazi hiyo.